Takwimu na Sanaa za Maonyesho semista moja? Tazama tarehe kwanza, dogo

Dogo, usisajili. Umeandika unataka kuchukua Utangulizi wa Sanaa za Maonyesho "ipumzishe kichwa" pembeni ya Utangulizi wa Takwimu. Nimesoma hapo nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo.

Maneno hayohayo niliambiwa na kaka mmoja wa mwaka wa tatu wiki ya usajili: "Chukua maonyesho, mteremko ule, unaigizaigiza unabeba A, muda wako wote unabaki wa takwimu." Miezi mingi baadaye ndipo nikajua kwamba hakuwahi kusoma hata moja kati ya hizo mbili. Alinishauri kama mtu anayekuelekeza njia ya mji asioujua, na soda nilimnunulia mimi.

Ni kweli wiki za mwanzo unateleza. Mnasoma Aristotle kidogo, ngoma, majigambo, ngonjera, kila mtu darasani anacheka. Halafu wiki ya 5 mnagawanywa makundi, na kuanzia hapo ni mazoezi kila siku ya kazi saa 11 jioni hadi saa 3 usiku. Mahudhurio yana alama. Ukikosa wewe, kundi zima linakatwa, na siku hiyo utajua wasichana wa Tanga wanaweza kusema kwa upole na bado ukatamani ardhi ipasuke.

Mimi nilipewa nafasi ya maiti. Cheka umalize. Wiki 5 nililala chini ya kanga mbili nikiombolezewa, na ilibidi niwepo kila jioni kwa sababu waombolezaji hawawezi kufanya mazoezi na mkeka mtupu.

Semina ya takwimu ilikuwa Jumatano, saa 11 jioni. Nikajiambia nitadesa, nitanakili notsi za wenzangu, kwani si kanuni tu? Nikakosa semina 4 mfululizo.

Sasa nisikilize hapa. Kozi nyingi za mwaka wa kwanza ukikosa mada moja unakosa mada moja. Takwimu haiko hivyo. Wastani na mkengeuko sanifu (namba zinatawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani) utajisomea mwenyewe chumbani. Lakini kuna wiki moja wanapokuambia kwamba wastani wa sampuli nao unayumba: ukichukua sampuli nyingine unapata wastani mwingine, na huko kuyumba kunapimika. Kila kinachofuata kimekalia hapo, kuanzia vile vipimo vya "tuna uhakika wa asilimia 95" mpaka kupima nadharia tete, yaani dhana unayoijaribu kwa data, na thamani ya p inayotumika humo. Wiki hiyo mimi nilikuwa maiti.

Onyesho likawa Ijumaa usiku. Testi ya pili ya takwimu, Jumamosi saa 2 asubuhi. Nililala pale jukwaani nimefumba macho nikikariri kanuni moyoni, nikapiga chafya katikati ya kilio cha mama wa marehemu. Ukumbi ukavunjika mbavu. Kwa nini hawakunipa sifuri sijui mpaka leo.

Asubuhi swali la kwanza: sampuli ya watu 100 imetoa kosa sanifu (kile kipimo cha kuyumba kwa wastani) la 3, unahitaji watu wangapi ili lishuke hadi 1.5? Nikaandika 200, tena nikapiga mstari chini kwa madaha. Jibu ni 400. Kosa hupungua kwa kipeuo cha pili (√) cha ukubwa wa sampuli, kwa hiyo ukitaka lipungue nusu unaongeza watu mara 4. Aliyekaa semina ile hata angeamshwa usiku angelijua. Swali jingine likataja t ya "Student", kipimo cha takwimu cha sampuli ndogo, nikaeleza kwamba iliitwa hivyo kwa kuwa ni nyepesi, ya wanafunzi. Kumbe ni jina alilojificha nalo William Gosset, mtu wa kiwanda cha bia cha Guinness, alipochapisha makala yake 1908. Msahihishaji alichora alama ya mshangao tu.

Kosiweki, alama za kazi na testi za semista, nikatoka na 17 kati ya 40. UE, mtihani wa mwisho, ikanimalizia, nikala sapu, yaani mtihani wa marudio. Likizo wenzangu wako kwao, mimi nimepanda basi kutoka Mbeya kurudi chuo kwa karatasi moja, nauli ya kukopa, nalala chini kwenye chumba cha rafiki. Nikafaulu, na kwetu sapu hata uandike kama malaika unapewa C basi. Ile C bado iko kwenye cheti changu. Maonyesho? B+, maiti bora wa mwaka.

Kwa hiyo acha kuuliza ipi rahisi. Uliza alama zinatolewa siku gani na saa ngapi. Nenda idarani kesho, omba muhtasari wa kozi zote mbili, andika kwenye karatasi moja siku za semina, testi, mazoezi na onyesho. Zikigongana hata jioni moja ya wiki, maonyesho yasubiri semista ya pili. Wakikuambia ratiba ya mazoezi "itapangwa baadaye", hiyo ni jioni yako yote imeshachukuliwa.

Uliuliza pia kuhusu hesabu za fomu sikisi na kikokotoo gani ununue. Kikokotoo chochote chenye kipeuo cha pili. Hayo mengine wadau watakujibu, mimi nataka tarehe. Ziweke hapa kabla dirisha la usajili halijafungwa tuzitazame.