Spana za MG TD ya mwaka 1951 zitafutwe wapi?

SWALI: Bwana fundi, nakusalimu kutoka Kamalondo, hapa Lubumbashi. Marehemu baba mkubwa aliniachia gari dogo la michezo, MG TD ya mwaka 1951, alilolitunza kwa miaka mingi chini ya paa la mabati. Injini inawaka vizuri, lakini mfuko wa vifaa ulipotea zamani. Mchuuzi mmoja ameniuzia seti ya spana za milimita pamoja na nyundo ya shaba, akiniapia kwamba ndivyo gari lilivyotoka kiwandani. Hata hivyo, spana ya 13 haiingii kwenye nati, na ile ya 14 inacheza. Je, nimedanganywa? Vifaa vyenyewe nitavipata wapi? – Msomaji, Kamalondo.

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa fedha zako, na umefanya vyema kusimama mapema, kwa kuwa ungeendelea kulazimisha ile ya 14 ungezila pembe za nati ambazo si rahisi kuzipata tena.

Injini yako, iitwayo XPAG, ina asili ya pekee. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Kifaransa ya Hotchkiss ilifungua kiwanda mjini Coventry, Uingereza, na mashine zake zilikata nyuzi za milimita. Baada ya vita kiwanda hicho kilimtengenezea injini William Morris, mtengenezaji magari ambaye karakana zake ndizo zilizozaa MG, naye akakinunua mwaka 1923 pamoja na mashine zake. Ndiyo maana nyuzi za boliti zako ni za milimita, ilhali vichwa vyake vina vipimo vya Kiingereza vya Whitworth, ili fundi wa Uingereza atumie spana alizokuwa nazo tayari. Boliti ya milimita 8 hushikwa na spana yenye chapa 1/4 W, ambayo mdomo wake una inchi 0.525, yaani milimita 13.3 hivi; 13 haitoshi na 14 imezidi. Hiyo robo inchi iliyoandikwa si upana wa mdomo bali ni unene wa boliti ya Whitworth, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Mara nyingi utaona chapa mbili kwenye mdomo mmoja, 1/4 W na 5/16 BS, na zote ni sahihi kwako. Zenye herufi AF ziache, ni za vipimo vingine.

Hapa Lubumbashi Wabelgiji walituachia milimita, kwa hiyo ukizunguka soko la mtaa wetu wa Kenya siku nzima huenda ukarudi mikono mitupu. Mimi ningevuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia. Huko ng'ambo, Chililabombwe, Kitwe na Ndola ni miji ya migodi iliyokua chini ya Waingereza, na makarakana yake yalitumia Whitworth kwa miaka mingi. Waulize mafundi wazee waliostaafu, hasa wale ambao sanduku lao la zamani bado liko nyumbani. Chukua nati moja ya akiba ya gari lako mfukoni, uipime katika kila mdomo kabla ya kutaja bei: iingie bila kusukumwa, na isizunguke ndani.

Nilipokuwa nikitafuta zangu, nilipewa spana nyeusi iliyofunikwa na kutu na grisi kavu. Niliilaza usiku kucha katika mafuta ya taa, nikaisugua kwa brashi ya shaba, na asubuhi yakajitokeza maneno Abingdon King Dick. Furaha yangu ilikuwa kubwa, ila nakuonya: MG zilitengenezwa katika mji wa Abingdon, lakini spana hizo ni za kampuni ya Birmingham, na jina hilo pekee halithibitishi kwamba spana ilitoka na gari. Ni spana nzuri ya enzi yake, nami hilo linanitosha. Ukipata kama hiyo, tafadhali usiipeleke kwa mwenye mashine ya kusagia wala usiipake kromu, kwa sababu herufi zikishafutika hazirudi.

Nyundo ya shaba ni kifaa cha kweli cha MG, lakini si cha gari lako. Ilihitajiwa na TC, MG iliyoitangulia TD na iliyotengenezwa kuanzia 1945 hadi 1949, ambayo magurudumu yake ya nyaya yalifungwa kwa nati moja kubwa yenye masikio. Shaba, kwa ulaini wake, haiyaumizi masikio hayo. TD ilitoka na magurudumu ya chuma cha bamba yanayofungwa kwa nati za kawaida, kwa hiyo tafuta spana ya magurudumu, jeki na mkono wa kuwashia injini kabla ya kitu kingine chochote.

Mfuko ukiukosa, mpe fundi cherehani kipande cha turubai nyepesi akushonee wenye vijifuko na kanda ya kufungia. Mfuko mpya haumdanganyi mtu, mradi usipigwe chapa ya kiwanda.