Kilatini cha sheria kwa aliyepita chuoni: vihusishi na miisho yake

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza wa sheria hapa Unguja, na nyinyi wa Pemba mnaovuka bahari kuja Tunguu, hamtakaa sana kabla ya kukutana na maneno haya: ex parte (upande mmoja tu), inter partes (baina ya pande zote), ultra vires (nje ya mamlaka), ab initio (tangu mwanzo), sine die (bila ya tarehe). Wengi huyakariri kwa mkupuo usiku wa kuamkia mtihani, na hufaulu. Tabu huja baadaye, pale unapoandika hoja zako mwenyewe ukaweka "ex partes" au "inter parte", na anayesoma akajua papo hapo kwamba umenakili kwa masikio. Kihusishi cha Kilatini, yaani neno kama ex, inter au sine linalotangulia nomino, hakisomwi peke yake. Kinasomwa pamoja na mwisho wa neno linalokifuata.

Mtoto aliyekaa chuo cha Kurani kwa maalim mpaka akagusa nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, keshaianza kazi hii bila ya kujua. Tunasema Allahu akbar, tunasema alhamdu lillahi, tunasema inna llaha. Jina ni hilo hilo moja, mwisho wake mara u, mara i, mara a. Hata asiyejua maana ya Kiarabu hawezi kusema "alhamdu lillahu", sikio litakataa. Sababu ni ile li iliyotangulia, harfu ya jarri (kihusishi cha Kiarabu), ambayo neno lililo mbele yake halina hiari, lazima lishike kasra, yaani i. Kilatini nacho ndivyo kilivyo: kihusishi kinatawala, nomino inatii kwa kubadilisha mwisho.

Sikio hilo hilo litakuponza mahali pamoja. Harfu za jarri, ziwe min, ila, fi au ala, zote zinadai hali moja, yaani umbo moja la mwisho wa neno. Za Kilatini zimegawanyika. Kundi kubwa linataka hali iitwayo akusativu: ad, ante, apud, contra, inter, intra, per, post, propter, trans, ultra na wenziwe. Kundi dogo linataka ablativu: a au ab, cum, de, e au ex, prae, pro, sine, na coram. Anza na hili dogo. Ukilishika vizuri, kihusishi usichokiona humo chukulia ni cha akusativu, ukiacha vichache vya pande mbili ambavyo nitavifikia.

Sasa alama. Kwenye umoja, nomino za kiume na za kike zikiwa akusativu huishia na m. Zikiwa ablativu huishia na irabu. Chukua neno dies, siku. Per diem kila mtu wa ofisini analijua, hata asiyejua kama ni Kilatini, kwa sababu linakuja na bahasha. Shauri likiahirishwa bila ya kutajwa tarehe, limeahirishwa sine die. Per inadai akusativu, ikatoka diem. Sine inadai ablativu, ikatoka die. Chukua na lis, yaani shauri. Msimamizi anayewekwa na mahakama kumsemea mtoto kwenye kesi ni wa ad litem, lakini amri inayodumu shauri likiwa bado linaendelea ni ya pendente lite. Hapo pa mwisho hapana hata kihusishi, ablativu imesimama peke yake. Ziandikeni jozi hizi kwenye daftari, moja juu ya nyingine, mziangalie mpaka tofauti iwakae machoni.

Wingi una alama zake. Akusativu huishia na s: inter partes, ultra vires. Hii vires ni wingi wa vis, nguvu, kwa hiyo ukiandika "ultra vis" umevunja mfupa. Ablativu ya wingi mara nyingi huishia na -is au -ibus, kama ile e pluribus unum iliyoko kwenye sarafu za Marekani.

Kuna nomino za jinsi ya tatu, si ya kiume wala ya kike, na hizo ndizo wakorofi. Akusativu yake haina tofauti na umbo lake la kawaida, na kwenye wingi huishia na a. Ndiyo maana per capita (kwa kila kichwa) ni akusativu ingawa inaonekana kama ablativu.

In ndiyo inayostahili muda wenu. Sisi tunasema "ameingia chumbani" na "amekaa chumbani". -Ni haibadiliki, kitenzi ndicho kinachotuambia kama mtu anakwenda au ametulia. Mlatini anaihamishia habari hiyo kwenye nomino. In cameram, kuelekea ndani ya chumba. In camera, ndani ya chumba, mtu keshatulia. Kesi inayosikilizwa faragha inakaa chumbani, kwa hiyo ni in camera, ablativu. Tazama sasa in rem na in personam, zenye m zote mbili. Mdai anapofungua shauri dhidi ya meli yenyewe, ikazuiwa pale bandarini Malindi mpaka deni lijulikane hatima yake, shauri lile limeelekezwa kwenye kitu: in rem. Akimwelekea mwenye meli: in personam. Ni mwelekeo, ndiyo maana ikaja akusativu. Mwanafunzi anayeijua sababu hii hana haja ya kukariri lipi lina m na lipi halina. Sub nayo ni hivyo hivyo: sub judice ni ablativu kwa kuwa shauri liko chini ya jaji, halipelekwi kwake.

Ex post facto huwatia wengi mashakani. Wanaona post, wanaona facto, wanahitimisha kuwa post inataka ablativu, halafu post mortem inawachanganya. Anayetawala pale ni ex. Post imekaa katikati kuonyesha tu kwamba jambo lilitendeka baadaye.

Majina ya miji na visiwa vidogo hayataki kihusishi kabisa: Romam ni kwenda Roma, Romae ni kuwa Roma. Hili halitusumbui, kwa sababu nasi tunasema "naenda Chake", "yuko Wete", bila ya -ni wala kwenye. Kwenye sheria hamtalihitaji sana.

Mtakachokihitaji ni causa. Utaikuta kwenye donatio mortis causa, zawadi anayoitoa mtu akitarajia kifo, na kwenye shahada za heshima wanazopewa viongozi, honoris causa. Inafanya kazi ya kihusishi, maana yake "kwa ajili ya", ila inakuja nyuma ya nomino, na nomino yenyewe inakuwa genitivu, hali ya umilikaji. Hapo watu wa nahau mtatabasamu, maana genitivu hii ndiyo iliyo karibu na mudhafu ilaihi wenu, nomino ya mwenye kitu. Kwa hiyo ni mortis causa. Ukiona mahali pameandikwa "causa mortem", usinakili.