Simu Yangu ya Kila Jioni

Mwanangu wa kwanza alipoanza chuo kikuu Dar es Salaam, nilikuwa nampigia simu kila jioni kutoka Iringa kumuuliza amekula nini na amejisomea saa ngapi. Fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, zile ambazo wanafunzi huziita bumu, nilimtaka anitolee hesabu yake kila Jumapili. Hata kozi nilimchagulia mimi.

Nilichoambulia ni majibu mafupi. Alipopata sapu mbili mwaka wa kwanza, yaani mitihani ya marudio kwa masomo aliyofeli, hakuniambia. Nilikuja kujua baadaye, na kumbe kwa wiki nyingi usingizi ulikuwa umempaa na chakula hakipiti. Nilipomuuliza kwa nini alinificha, alisema kwamba alikuwa ameshindwa katika jambo ambalo hakulichagua, na hakujua aanzie wapi kumweleza aliyelichagua. Maneno hayo yaliniuma, nami nayakumbuka hadi leo.

Wanasaikolojia wa Marekani Edward Deci na Richard Ryan, ambao nadharia yao ilipata umbo kamili mwaka 1985, wanasema kwamba ustawi wa mtu hutegemea mahitaji matatu: kujiamulia mambo yake, kujiona anaweza, na kuwa na watu wa karibu. Sisi wazazi wengi hudhani kwamba la kwanza huliua la tatu, yaani kijana akijiamulia atatusahau, ilhali wao wanaeleza kwamba kujiamulia si kukaa mbali na msaada, bali ni kutenda jambo ambalo moyo wako umelikubali.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla ya kutoa agizo muulize kwanza yeye amefikiriaje, kisha usubiri jibu hata likichelewa. Ukiwa na pingamizi, mpe sababu. Kama tatizo ni uwezo wa familia, mweleze wazi kiasi kilichopo, kwa maana kumficha hali ya nyumbani ni kumnyima uwezo wa kuamua vyema. Na bumu likimwishia kabla ya wakati, msaidie kwa kadiri unavyoweza bila kumkumbusha kwamba ulimwonya. Hapa ndipo mimi nilipopata shida zaidi.

Nilimwambia yuko huru kuomba kuhama kozi. Alikwenda kuulizia taratibu, akafikiri kwa mwezi mzima, kisha akaamua kubaki. Muhula uliofuata alifeli jaribio moja, akanipigia simu jioni ileile kunieleza.