Chembe sahani zimeshuka: kwa nini nusu kaputi badala ya sindano ya mgongo?

Swali: Shikamoo daktari. Mke wangu ana mimba ya wiki 34, presha imefika 170/110 na mkojo una protini. Chembe sahani zake ni 48,000. Kesho asubuhi anazalishwa kwa upasuaji kwa nusu kaputi, wakati mimba ya kwanza alichomwa sindano ya mgongo na akamsikia mtoto akilia. Mama anasema wengine hawaamki. Tukatae?

Jibu: Marahaba. Msikatae. Kwa wajawazito wengi sindano ya mgongo ndiyo salama zaidi, na mimi huichagua kwanza hata presha ikiwa juu. Lakini chembe sahani ndizo zinazosaidia damu kuganda. Kwa kawaida huwa 150,000 na zaidi katika mikrolita moja. Zikishuka chini ya 70,000, wengi wetu tunaiacha sindano. Ikitoboa mshipa mdogo mgongoni, damu inaweza kujikusanya, ikaubana uti wa mgongo na mama akapooza miguu. Kwa 48,000, nusu kaputi ndiyo yenye hatari ndogo.

Mama anayesema wengine hawaamki ana sababu ya kuogopa. Dakika ninayoihofia mimi ni ile ya kuingiza mpira wa kupumulia. Presha ya mimba huvimbisha hadi koo, hivyo mpira unaweza kukataa kupita, na oksijeni humwishia mjamzito upesi. Tena mpira ukigusa koo presha hupanda ghafla. Mshipa wa ubongo unaweza kupasuka. Ndiyo maana kabla ya kumlaza usingizi tunaishusha namba ya juu ya presha iwe chini ya 160, tunampa oksijeni kwa barakoa, tunamwinua kichwa, na mpira mwembamba zaidi unakuwa tayari mkononi.

Mtoto anaweza kutoka amelegea kwa usingizi, kwa hiyo tumbo husafishwa na kufunikwa vitambaa kabla mama hajalala, ili atolewe haraka. Awepo mtu wa kumpumulisha.

Kama anapewa magneziamu ya kuzuia degedege, dawa za kulegeza misuli hukawia mwilini. Msishtuke mpira usipotolewa mara moja.

Mwambieni mtaalamu wa usingizi alikula saa ngapi, na kama siku hizi sauti imekuwa nzito au anakoroma sana. Ulizeni kama chembe sahani zitapimwa tena asubuhi, maana hushuka ndani ya saa chache, na kama damu ya kundi lake imeshawekwa tayari.