Leja Wazi: Bosi kaongezwa, sisi tumepunguzwa

Mhasibu mstaafu anajibu maswali ya wasomaji kuhusu kazi, fedha na kampuni

SWALI: Shikamoo mzee. Niko idara ya manunuzi kwenye tawi la kampuni ya kimataifa, mwaka wa tisa sasa. Mwezi uliopita wenzangu kumi na mmoja walipewa barua za kupunguzwa kazi. Wiki ileile tukaletewa kanuni mpya za maadili, kurasa 38, kila mtu asome na atie saini: tusipokee zawadi, tusiseme uongo, tuheshimiane. Halafu mmoja wetu akafungua ripoti ya mwaka ya kampuni mama, akakuta mkurugenzi mtendaji mkuu ameongezewa malipo. Tulipiga hesabu: anachokipata kwa siku mbili, mimi nakitafuta mwaka mzima. Kwa nini serikali zisiweke kikomo, yakaisha? Na hizo kanuni, nisaini au nisisaini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa wenzako. Kanuni saini, sababu nitakupa baadaye. Tuanze na hilo la kikomo.

Nilikaa miaka mingi katika idara ya hesabu ya kampuni tanzu ya shirika moja kubwa ambalo sitalitaja. Kwa miaka mitatu, kila Novemba, nilipewa kazi ya kuandaa jedwali la kamati ya malipo ya bodi. Lilikuwa jedwali rahisi: kushoto majina ya kampuni 14 "zinazofanana na yetu", kulia malipo ya wakuu wao, chini yake kiwango cha katikati, yaani nusu ya wakuu wanapata zaidi yake na nusu pungufu. Mwaka wa kwanza mkuu wetu alikuwa juu ya kiwango hicho. Mshauri aliyekodiwa kutoka nje akalitazama, akasema kampuni mbili za chini kabisa "si wenzetu hasa". Akazitoa, akaingiza mbili zenye mauzo mara tatu ya yetu. Kiwango cha katikati kikapanda, na mkuu wetu akajikuta chini yake bila kupoteza hata senti. Kamati ilikaa dakika zisizofika ishirini, ikamwongeza "ili tusimpoteze".

Sasa kumbuka kwamba kampuni zile nyingine nazo zilikuwa na majedwali yao, na sisi tumo ndani. Tulipopanda sisi, na wao wakajiona wako chini. Hakuna bodi inayopenda kuandika kwamba imeajiri mkuu wa daraja la chini, kwa hiyo kila mmoja anakimbilia juu ya mstari ambao mbio zao wenyewe ndizo zinazousogeza. Na waliokaa kwenye ile kamati, wengi walikuwa wakuu wa kampuni nyingine. Kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani.

Kwa hiyo hasira yako naifahamu. Lakini kikomo kilichoandikwa kwa tarakimu kimeshajaribiwa, na maji yalipozibwa huku yakatokea kule. Marekani ilianza 1993, enzi za Bill Clinton: kampuni ya soko la hisa isingeruhusiwa tena kuhesabu kama gharama, kwa ajili ya kodi, malipo ya mkuu yanayozidi dola milioni 1 kwa mwaka. Sheria ikaacha mlango mmoja wazi. Malipo "yanayotegemea utendaji" hayakuguswa. Basi mishahara mingi ikasogezwa hadi milioni 1, kana kwamba kikomo ni haki ya mtu, na yaliyobaki yakamiminwa kwenye haki ya kununua hisa baadaye kwa bei ya leo. Soko la hisa lilipokuwa likipaa miaka ile ya 1990, hata mkuu aliyesinzia kazini aliamka tajiri. Mlango ule ulikuja kufungwa mwishoni mwa 2017.

Umoja wa Ulaya nao ukaja na kikomo chake 2014, kwa mabenki, kwa sababu ya msukosuko wa fedha wa 2008. Bonasi isizidi mshahara wa mwaka, au mara mbili yake iwapo wanahisa wataridhia. Benki zikapandisha mishahara, nyingine zikabuni posho za wadhifa. Fedha ambayo zamani mtu angeweza kunyimwa mwaka ukiwa mbaya, sasa ikawa ya uhakika, inyeshe mvua, liwake jua. Uingereza, iliyokuwa imeupinga mpango huo mahakamani kisha ikaiondoa kesi yake, ilikifuta kikomo hicho Oktoba 2023.

Walionifundisha zaidi ni Waswisi. Machi 2013 walipigia kura pendekezo la Thomas Minder, mtu mwenye kampuni ya dawa za meno. Lilitaka wanahisa wapige kura ya lazima juu ya malipo ya wakuu, na lilipiga marufuku vitita vya kumkaribisha mkuu anapoingia na vya kumuaga anapotoka. Wiki chache kabla ya kura ilikuwa imejulikana kwamba kampuni ya dawa ya Novartis ingemlipa Daniel Vasella, mwenyekiti aliyekuwa anaondoka, hadi faranga milioni 72 ili asiende kufanya kazi kwa washindani. Kelele zilipozidi akaziacha, lakini zilikuwa zimeshamfanyia Minder kampeni. Asilimia 67.9 wakasema ndiyo. Novemba mwaka uleule wakaulizwa swali la pili, la 1:12: mtu yeyote katika kampuni asipate kwa mwezi mmoja zaidi ya kile ambacho mwenzake wa chini kabisa anapata kwa mwaka. Asilimia 65.3 wakakataa.

Wapo waliowaita vigeugeu. Mimi sioni hivyo. Mara ya kwanza waliulizwa nani aamue, mara ya pili waliulizwa iwe kiasi gani. Hayo ni maswali mawili, na la kwanza ndilo lenye meno.

Tazama kinachotokea pale anayeamua hana nguvu. Aprili 2016, wanahisa wa kampuni ya mafuta ya BP, takriban asilimia 59, waliyakataa malipo ya mkuu wake, Bob Dudley, ya karibu dola milioni 20, kwa mwaka ambao kampuni ilipata hasara ya mabilioni. Kura ilikuwa ya ushauri tu, fedha ilikuwa imeshalipwa. (Mwaka uliofuata kampuni ilimpunguzia, tusiinyime haki yake.) Mei 2020 kampuni ya madini ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan Gorge huko Australia Magharibi, yenye alama za maisha ya watu za miaka 46,000, ili kupanua mgodi wa chuma. Mkuu wake, Jean-Sébastien Jacques, alinyimwa bonasi na akaondoka. Lakini hisa alizopewa miaka ya nyuma zilikuwa zimepanda thamani, kwa hiyo jumla ya malipo yake ya 2020 ilizidi ya mwaka uliotangulia. Wanahisa zaidi ya asilimia 60 walipinga ripoti ile ya malipo. Ushauri, tena.

Kikomo kilichodumu nimekiona mahali ambapo wanaolipwa ndio wanaokipigia kura. Ushirika wa Mondragon, katika eneo la Wabaski nchini Hispania, ulianza 1956, na kwa kawaida mkuu hapati zaidi ya mara sita ya mwanachama wa chini. Si pepo, maana kiwanda chao cha vifaa vya nyumbani, Fagor, kilianguka 2013. Ben & Jerry's, watengeneza aiskrimu wa Marekani, walianza na uwiano wa tano kwa mmoja, wakaupandisha hadi saba, na walipotafuta mkuu kutoka nje katikati ya miaka ya 1990 wakauacha kabisa. Mkuu kutoka nje hakuwa amewahi kuupigia kura.

Kuna jambo jingine linalokuhusu wewe moja kwa moja, na sijaona linasemwa vya kutosha. Nchi kadhaa sasa zinazilazimisha kampuni kuchapisha uwiano kati ya malipo ya mkuu na ya mfanyakazi wa katikati. Uwiano huo ukiusoma, usianze na tarakimu, uliza kwanza nani kahesabiwa. Uingereza, ambako kampuni za soko la hisa zenye wafanyakazi zaidi ya 250 zinatakiwa kuuchapisha, wanaohesabiwa ni wafanyakazi walioko Uingereza. Matawi ya nje hayamo. Marekani inataka wa dunia nzima, ila inaruhusu kuwaacha nje wafanyakazi wa nchi nyingine hadi asilimia 5. Na kote kuwili, mfagizi au mlinzi aliyeajiriwa na mkandarasi haingii. Ukiwafukuza wafagizi wako leo ukawakodi kesho kupitia kampuni nyingine, uwiano wako unapendeza ghafla. Nimeona ukumbi wa watu 300 ukipigia makofi mabadiliko ya namna hiyo kwa jina la "ufanisi".

Sasa kanuni za maadili. Benki ya Wells Fargo ya Marekani ilikuwa nazo. Ilikuwa pia na lengo la kila mteja kuuziwa huduma nane, na kazi ya karani wa kaunta ilitegemea lengo hilo. Makarani wakafungua akaunti kwa mamilioni ambazo wateja hawakuziomba. Jambo lilipolipuka Septemba 2016, benki ilipigwa faini ya dola milioni 185, na ilikuwa imeshafukuza wafanyakazi wapatao 5,300, wengi wa chini. Kelele zilipopanda hadi bungeni ndipo mkuu, John Stumpf, alipopokonywa hisa za dola milioni 41, na 2020 akafungiwa maisha kufanya kazi za benki. Kwa hiyo kurasa zako 38 zisome, kisha uombe ukurasa mwingine: ule wa malengo ya bonasi ya mkuu. Upo kwenye ripoti ya mwaka, sehemu ya malipo, huwa mbali sana nyuma. Ukikuta asilimia 80 ni faida na bei ya hisa, umeshajua kampuni inaamini nini.

Saini, kwa sababu kanuni hizo zinawafunga na wao, na kifungu cha kutoa taarifa bila kuadhibiwa utakihitaji siku moja. Weka nakala nyumbani. Na siku watakapowaita kwenye mkutano wa wafanyakazi, nyoosha mkono, kwa adabu, uulize kama mshahara wako umo kwenye ule uwiano.

SWALI: Mzee, mbona hatulalamiki mchezaji mpira akilipwa mamilioni? Mkuu wa kampuni naye ana kipaji. Huu si wivu?

JIBU: Wivu upo, sikatai. Lakini mchezaji akikosa penalti uwanja mzima umemwona, na kocha anaweza kumweka benchi Jumamosi ijayo. Pia sijasikia mchezaji anayeteua kamati ya kupanga mshahara wake na kuchagua wachezaji wa kulinganishwa nao. Siku akianza, niandikie tena.

SWALI: Nimesoma kwamba kampuni za Marekani sasa zinaweza kumdai mkuu arudishe bonasi. Kweli?

JIBU: Kweli, lakini usishangilie mapema. Tangu Desemba 2023 kila kampuni iliyo kwenye masoko makuu ya hisa ya huko lazima iwe na utaratibu wa kurudisha bonasi zilizotokana na hesabu zilizokosewa, kurudi nyuma miaka mitatu, hata kama mkuu mwenyewe hakukosea. Tatizo ni neno hesabu. Ukilipua pango na vitabu vyako vikawa safi, sheria hiyo haikugusi.

Mhariri amesoma majibu haya kabla ya kuchapwa, akaniandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: "Na wewe mzee, kwa lile jedwali, ulipata nini?"

Nilipata bonasi, mshahara wa mwezi mmoja na nusu. Niliichukua. Barua yake ilisema ni kwa ajili ya "umakini katika takwimu". Bado ninayo.