Kupima Rifampisini na Aisoniazidi katika Damu: Kazi Huanza Kabla ya Mashine

Kwa wataalamu wa maabara wanaoanza kupima dawa za kifua kikuu, kama rifampisini na aisoniazidi, kwa kromatografia ya kimiminika (mbinu ya kutenganisha kemikali kwa kuzipitisha na kiyeyusho ndani ya mrija uliojazwa chembechembe, yaani kolamu), ushauri wangu wa kwanza hauhusu mashine. Unahusu muda unaopita tangu damu itoke mkononi mwa mgonjwa hadi plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, iingie kwenye friza. Nimewaona vijana hodari wakihangaika kurekebisha kolamu na viyeyusho kwa siku nyingi, ilhali dawa waliyoitafuta ilikuwa imekwisha kuharibika kabla sampuli haijafika maabara.

Rifampisini huoksidika na kuwa rifampisini kwinoni, iliyopungukiwa haidrojeni mbili tu. Mashine hupima kwa uaminifu rifampisini iliyobaki, na daktari akisoma namba hiyo ndogo anaweza kudhani kwamba mgonjwa hafyonzi dawa. Ndiyo maana asidi askobiki, yaani vitamini C, huongezwa mapema kwenye plazma, na mirija hukingwa na mwanga. Aisoniazidi nayo hupungua damu ikikaa kwenye joto la chumba. Kwa hiyo mrija uwekwe kwenye barafu, plazma itenganishwe upesi, kisha igandishwe kwenye nyuzi −80. Mimi husisitiza kwamba saa ya kila hatua iandikwe, kuanzia mgonjwa alipomeza dawa, na fomu yenye pengo huirudisha wodini kabla sijaigusa sampuli.

Pimeni metaboliti, yaani kemikali ambazo mwili hutengeneza kutokana na dawa, pamoja na dawa zenyewe. Aisoniazidi hubadilishwa kuwa asetili-aisoniazidi na kimeng'enya NAT2, ambacho kasi yake hutegemea urithi, na uwiano wa viwili hivyo huonyesha kama mgonjwa huivunja dawa haraka au polepole. Desasetili-rifampisini, metaboliti ya rifampisini, bado ina nguvu dhidi ya bakteria, hivyo haifai kupuuzwa. Ningeongeza kwinoni pia kwenye orodha, kwa sababu kilele chake kwenye grafu ya mashine kikikua ghafla mtajua kwamba sampuli haikutunzwa vizuri.

Ugumu wa kutenganisha uko zaidi kwa aisoniazidi. Molekuli yake ni ndogo na hupenda maji, kwa hiyo kwenye kolamu ya kawaida ya C18, ambayo hushika zaidi molekuli zisizopenda maji, hutoka mapema pamoja na chumvi za damu, ambazo hudhoofisha ishara kwenye spektrometa ya masi (mashine inayotambua molekuli kwa masi yake), wakati rifampisini hung'ang'ania kolamu hadi kiyeyusho cha kikaboni kiongezwe. Kiwango cha ndani chenye deteri kwa kila dawa, yaani nakala ya dawa yenye haidrojeni nzito inayoongezwa kwenye sampuli kwa ajili ya kulinganisha, ni ghali, lakini sioni mbadala wake ulio salama. Mwongozo wa kimataifa wa ICH M10 wa mwaka 2022, unaohusu kuthibitisha mbinu za kupima dawa mwilini, unataka athari ya plazma kwenye ishara ichunguzwe kwa plazma ya angalau vyanzo 6, na usahihi uwe ndani ya asilimia 15 ya thamani halisi, au 20 kwenye kikomo cha chini cha kupimika. Msichague plazma safi pekee; wekeni na iliyochanganyika na chembe nyekundu zilizopasuka, na yenye mafuta mengi.

Kuhusu majibu, kiwango kinachotarajiwa cha rifampisini saa 2 baada ya kumeza ni miligramu 8 hadi 24 kwa lita. Kikiwa chini, ombeni sampuli ya saa 6 kabla ya kutoa maoni: ikiwa ya pili iko juu kuliko ya kwanza, dawa imechelewa kufyonzwa, labda kwa sababu ya chakula; lakini zote mbili zikiwa chini, daktari ana sababu ya kweli ya kufikiria upya dozi.