Kwa mnaoanza kazi ya treni Miritini, stesheni ya Mombasa

Vijana wapya wakija kazini, swali la kwanza huwa ni moja: hii Madaraka Express, treni yetu ya Mombasa na Nairobi, inakimbia spidi gani? Treni ya abiria hufika kilomita 120 kwa saa, ya mizigo kama 80. Lakini hayo ni ya dreva na wanaoiongoza njia. Ninyi mnaohudumia abiria, kazi yenu ni dakika za stesheni, na hizo ndizo zinazoharibu safari mara nyingi kuliko kitu kingine.

Kutoka hapa hadi stesheni ya Nairobi kule Syokimau ni kama kilomita 470, na sehemu kubwa ya reli hiyo ni njia moja tu. Treni mbili zikielekeana, lazima moja iingie pembeni kwenye stesheni, isubiri nyingine ipite. Ya asubuhi inatoka kwetu wakati mwenzake anatoka Nairobi, na katikati yao kuna treni za makontena kutoka bandarini. Ukichelewesha mlango hapa, kuna watu huko mbele watakaa ndani ya behewa lililosimama porini wakiulizana kuna nini. Ndiyo maana nawasisitizia: kila jambo lifanyeni hatua moja kabla ya wakati wake.

Anzeni nje ya geti. Abiria wetu wengi wanatoka kisiwani, wamepitia Makupa na Changamwe, na ile barabara mnaijua ilivyo na malori. Mwingine ametoka Likoni, kasubiri feri kwanza. Akifika amekwisha kuchoka moyo. Msalimie kabla ya kumuuliza chochote, kisha umuulize mambo mawili: kitambulisho kiko wapi, na tiketi imeshachapishwa? Wengi hulipa kwa M-Pesa wakadhani ujumbe kwenye simu unatosha. Kama bado, mpeleke mashineni wakati foleni ni fupi.

Kwenye ukaguzi ndipo penye mtihani wa Mombasa hasa. Mabegi hupangwa chini kwa mstari, abiria wanasogea nyuma, mbwa anapitishwa kunusa. Kwa mzee wetu aliyebeba mswala na kanzu ya kuswalia, au mama mwenye kapu la mahamri na samaki wa kukaanga, mbwa ni najisi, na hofu yake ni ya kweli. Usimcheke wala usimharakishe. Nenda kwenye foleni kabla hawajafika mbele, sema kwa sauti ya heshima: "Shikamoo bibi. Mswala na chakula tuvitie ndani ya begi, tufunge zipu, halafu ndio tuweke chini." Atakuitikia marahaba mwanangu, atafunga, na mstari utaendelea. Ukingoja mpaka abishane na askari pale mbele, umeshawasimamisha watu wote walio nyuma yake. Visu navyo viulizwe hapo hapo. Kina mama wanaokwenda harusini bara hubeba vya jikoni bila nia mbaya, na bora akirudishe kwa aliyemsindikiza kuliko kunyang'anywa.

Jueni treni zenu. Ya asubuhi ndiyo inayosimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Abiria wa Kibwezi aulizwe anapanda ipi kabla hajakanyaga behewa. Ukimkuta ameshakaa kwenye ekspresi, ile isiyosimama Kibwezi, hakuna pole itakayomshusha kwao.

Ndani ya behewa la daraja la kawaida, viti ni vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, na watu wanatazamana. Ugomvi mwingi ni wa dirisha. Soma tiketi zote mbili kwa sauti, onyesha namba iliyobandikwa ukutani, basi. Usiamue kwa huruma, kwa sababu wa tatu atakuja na tiketi yake.

Vituo vya kati ni vya dakika chache mno. Pita mapema, tafuta anayeshuka, hasa aliyelala na mwenye watoto. Mzigo ushuke kutoka rafu ya juu treni ikiwa bado inakwenda, lakini ushushe wewe au kijana mwenye nguvu. Usimwache mama mjamzito anyooshe mikono. Baada ya Voi, tembo wakionekana upande wa Tsavo, behewa zima huhamia upande mmoja na simu zinatolewa. Waacheni wafurahi, wengine ndiyo mara yao ya kwanza kuwaona. Ninyi lindeni njia ya katikati na milango tu, na mwenye chai ya moto akae.

Treni ya usiku ina mambo yake. Inafika Miritini kabla ya alfajiri, watu wana usingizi, na hapo ndipo vitu husahaulika. Abiria wakishashuka, piteni kiti kwa kiti, muiname mtazame chini na kwenye rafu za juu. Mkiokota simu au mkoba, andikeni behewa, namba ya kiti na saa hapo hapo kabla ya kuikabidhi, kwa sababu mwenyewe akipiga simu kesho yake atakumbuka kiti alichokalia, hatakumbuka sura yako.